Ushahidi wa Aliyefungwa

Fundi alikuwa hajui kucheza gemu hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu wasiomjua hudhani kwamba mzee aliyesikilizwa vile katika banda la gemu la Bugene lazima alikuwa na vidole vya ajabu. Siku moja tulimlazimisha ashike pedi. Tukampa timu kali kuliko zote, na kabla hata hatujakaa vizuri kwenye benchi alikuwa amejifunga mwenyewe mara mbili. Akaiweka pedi chini taratibu, akasema, "Mimi naijua kwa ndani. Kwa nje ni kazi yenu."

Kwa ndani aliijua kweli. Meza yake ilikuwa mlangoni mwa banda, penye mwanga, na juu yake zilijaa redio, taa za sola, simu zilizotumbukia kwenye maji na pedi zetu zilizochoka. Vijiti vya pedi huchoka vikaanza kujisogeza vyenyewe, mchezaji wako akatembea kuelekea kwenye kona wakati wewe hujamgusa. Vitufe hujaa jasho na mafuta ya mandazi vikakwama. Fundi aliifungua pedi, akapanga skrubu kwenye kifuniko cha kopo, akasafisha vile vimpira vya chini ya vitufe kwa pamba na spiriti, kisha akaijaribu huku skrini ikiwa imezimwa, kwa kusikiliza. Alisema skrini inampotosha. Mawani yake aliyafunga kwa waya wa umeme nyuma ya kisogo, na sweta la kijivu hakulivua hata jua likiwaka namna gani.

Alikotoka sikuwahi kumuuliza. Kila Jumamosi nilipofika kwa baiskeli kutoka Nyaishozi nilimkuta pale, na kila Jumamosi nilimwamkia shikamoo naye akanijibu marahaba bila kuinua kichwa, kisha akaongeza, "Bingwa amekuja. Nani amemwambia kwamba ni bingwa?" Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa kusema kweli nilikuwa nachukia.

Pale bandani hatukucheza tu. Nusu ya muda tulikuwa tunabishana. Ubishi ulikuwa mmoja miaka yote: nani mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kushika pedi au simu au kipanya, hapa kwetu na duniani. Kulikuwa na walioapa kwa Mkorea wa ile gemu ya vikosi vya watu watano. Kulikuwa na waliosema gemu ya vikosi haihesabiki kwa sababu mtu anabebwa na wenzake, mkubwa wa kweli ni yule Mjapani wa gemu ya ngumi anayeingia ulingoni peke yake. Waendesha bodaboda, ambao walicheza gemu ya risasi kwenye simu wakisubiri abiria, walitaka wa kwao naye atajwe, na sisi wa gemu ya mpira tuliwazomea tukiwaambia simu si mashine. Ubishi ungeweza kuanza watu wakitoka kanisani Jumapili ukaendelea mpaka mama zao wakawatumia watu wa kuwaita.

Mkali wa ubishi alikuwa Mwalimu, aliyefundisha jiografia sekondari na ambaye aliamini vitu vinavyohesabika. Kwake, mwenye makombe mengi ndiye mkubwa, basi. Alikuwa akiyataja makombe ya Mkorea huku anakunja vidole, akimaliza anatuonyesha ngumi.

Fundi hakuinua kichwa. "Na hao aliowafunga wamesema nini?"

"Waseme nini, Fundi? Wamefungwa."

"Ego, ndiyo. Hao hao ndio ninaowataka."

Hili ndilo lilikuwa jambo lake. Alikuwa na maelezo yake juu ya wazee wa zamani wa Karagwe, kwamba walikuwa wakisimama mbele ya mtawala, mkuki mkononi, wakajitolea majigambo: nimeua huyu, nimevuka mto ule, mimi simba wa mahali fulani. "Babu yangu alikuwa hodari sana wa kujigamba," alisema, "na nyumbani alikuwa akimwogopa jogoo." Kwa hiyo katika banda lile alipiga marufuku mtu kujisifu, akaigeuza desturi juu chini. Aliyeshinda anyamaze. Aliyefungwa ndiye asimame amtolee mwenzake majigambo. Na asiseme tu fulani ni mkali. Aeleze alifungwaje, goli kwa goli: mpira ulitoka wapi, yeye alikuwa anategemea nini, na mwenzake alimwonaje kabla. Alipewa kwanza kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni anayekuja kwa heri, akaishika kiganjani wakati anazungumza, na akishamaliza ndipo anaitafuna. Hapo Fundi alichovya brashi kwenye rangi nyeupe akaliandika jina la mshindi ukutani.

Ukuta ule ulikuwa na majina machache. Watu wengi walikubali kufungwa, lakini si kusimama. Wapo waliosema umeme ulicheza, benchi lilitikiswa, walikuwa na njaa. Fundi hakuwalazimisha. Alisema shahidi wa kulazimishwa ni sawa na redio ya kupigwa makofi, itaongea sasa hivi na kesho imekufa.

Jina langu lilikuwepo. Aliyenitolea ushahidi alikuwa mwendesha bodaboda mmoja mwenye sauti nzito, akaeleza jinsi nilivyomvuta beki wake nje kama mtu anayemvuta mbuzi kwa jani la mgomba, mpaka watu wakapiga kelele za kushangilia. Wiki nzima niliringa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina kaduka kangu ka pembejeo pale Nyaishozi ndiyo kwanza kameanza, na nilikuwa naamini kabisa kwamba dunia imeanza kunielewa.

Kanuni hiyo hiyo aliitumia kwa wakubwa wa dunia. Vijana walitumwa watafute kwenye simu maneno ya waliofungwa, si ya washindi. Mara nyingi hawakupata kitu, au walipata matusi. Lakini siku moja walipata kipande cha kijana wa nchi za mbali, amepoteza fainali, macho mekundu, anaulizwa maswali. Mwalimu akatutafsiria: anasema mwenzake alijua atakachofanya kabla yeye mwenyewe hajakijua, na kwamba amejisikia kama mtu aliyesomwa. Fundi aliweka chini chuma cha lehemu. Akaomba kirudiwe, kisha akaomba tena. Mwisho akafuta mawani yake kwa sweta, akasema, "Huyo aliyemfunga ni mkubwa. Sijui hata jina lake, lakini ni mkubwa." Siku hiyo Mwalimu hakukunja vidole.

Asidhani mtu kwamba Fundi alikuwa mtakatifu. Alikuwa mzee wa kanisa aliyetuhubiria kwamba tunapoteza muda, halafu pedi ikiharibika katikati ya mechi kali anaacha redio ya mteja imelala tumbo wazi aje aitengeneze hiyo pedi kwanza. Alikuwa mbishi. Ukimkosea neno dogo ananuna siku mbili, ukimkosea kubwa ananyamaza kabisa na kukuhudumia vizuri kuliko wenzako, na hiyo ndiyo ilikuwa inaumiza. Senene zikianguka mwezi wa kumi na moja alikuwa wa kwanza kuacha kazi kuzifuata, mtu mzima na sweta lake, halafu anatukataza sisi kula karibu na pedi. Na alikuwa na woga mmoja ambao sote tuliujua. Alimwogopa binti yake akicheza.

Binti yake aliitwa Koku. Alikuwa anakuja na hotpoti ya ndizi na maharage ya baba yake, anakaa kusubiri chombo, na katika kusubiri huko akajifunza. Wasichana hawakuwa wakiingia bandani, lakini nani angemfukuza mtoto wa Fundi? Mwanzoni tulimpa pedi kwa kumtania. Baada ya miezi michache utani ulikwisha. Alicheza akiwa amefungua mdomo kidogo, akihema, na baina ya mechi na mechi aliegemea ukuta akafumba macho. Sisi tukamwita Mvivu. Naye alicheka, akasema, "Mvivu anayewafunga." Alipokuwa anacheza, Fundi aligeuza kiti chake kuelekea barabarani. Akatazama pikipiki zinazopita kwenda Kayanga, mikono imetulia mapajani, hafanyi kazi yoyote. Tulimuuliza kwa nini. Akasema hataki kuwa shahidi wa mtoto wake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Jumamosi moja mchana Koku alinifunga tatu bila. Banda limejaa, watu wamesimama mpaka mlangoni. Goli la kwanza alinipita kulia, nikakumbuka kwamba wiki mbili nzima amekuwa akipita kushoto tu, kumbe alikuwa ananifundisha uongo. La pili nilimwachia nafasi ndogo kati ya mabeki wawili, nikiwa na hakika hataiona, na mpira ukapita hapo hapo. Na la tatu. Kisha mchezo ukaisha, na kila mtu alijua nini kinafuata. Mimi niko ukutani. Nikisimama mimi, na yeye anaandikwa.

Fundi aligeuza kiti chake. Hakumtazama Koku. Akanyoosha kiganja chenye kahawa kuelekea kwangu.

"Shahidi," akasema.

Nikasema, "Pedi yangu ilikuwa inakwama."

Pedi ile alikuwa ameitengeneza mwenyewe asubuhi hiyo. Kila mtu alimwona. Akaichukua mikononi mwangu, akaiweka mezani, akaifungua mbele ya watu wote, skrubu moja moja kwenye kifuniko cha kopo. Akavigusa vimpira. Akabonyeza kitufe kimoja kimoja akisikiliza. Ilikuwa nzima, nami nilijua ni nzima, na Koku alikuwa amesimama nyuma yake anajua. Fundi akairudisha, akafunga skrubu ya mwisho, akanikabidhi.

"Inawezekana," akasema. "Shahidi ameshasema."

Mwalimu alipiga kelele, "Fundi, anadanganya huyu!" Fundi akamjibu kwamba neno ni la aliyefungwa, na kwamba kama ingekuwa ni mtoto wa mtu mwingine angesema hivyo hivyo. Koku alichukua hotpoti yake. Aliponipita alinitazama usoni bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka tu kuhakikisha kitu, akatoka.

Nimejitetea sana moyoni kwa miaka mingi. Kwamba nilikuwa kijana. Kwamba kufungwa na msichana mbele ya waendesha bodaboda wa Bugene si jambo dogo. Kwamba nilikusudia kusema ukweli Jumamosi itakayofuata. Jumamosi iliyofuata Koku hakuja, na wala iliyofuata hiyo. Tukaambiwa anaumwa, kisha tukaambiwa ni moyo, alizaliwa nao hivyo, na amepelekwa Mwanza. Ndipo tukaelewa kule kuegemea ukuta.

Wakati Koku yuko hospitali, Fundi alikuja dukani kwangu. Hakuwahi kufika Nyaishozi kwa ajili yangu kabla ya siku hiyo. Alishuka kwenye pikipiki na sweta lake, akakaa kwenye gunia la mbolea, nikampa soda. Akaanza kuzungumzia Mkorea. Akasema amefikiria, huenda Mwalimu alikuwa na haki kidogo kuhusu makombe, mtu hawezi kushinda mara zote hizo kwa bahati. Akamzungumzia Mjapani. Akaniuliza kama naona wachezaji wa sasa ni wakubwa kuliko wa zamani, maana gemu zenyewe hubadilishwa kila mwaka. Nikamjibu hiki na kile. Simu yake alikuwa ameishika mkononi muda wote, na mara mbili aliiwasha akaitazama akaizima.

Akasema, "Koku anakusalimia. Leo anaweza kuongea."

Nikasema, "Mwambie apone haraka."

"Ego waitu. Nitamwambia."

Alimaliza soda, akashukuru, akapanda pikipiki. Nimejaribu kujiambia kwamba sikuelewa alichofuata, lakini nilielewa. Nilielewa tangu alipokaa kwenye lile gunia. Alitaka niombe ile simu. Maneno mawili matatu tu, mtoto wake ayasikie akiwa huko kitandani. Na kwa kuwa sheria yake ilimkataza kumlazimisha shahidi, alisafiri mpaka Nyaishozi na kurudi Bugene bila kuniomba, na mimi nikamwacha aende. Moyo wangu siku ile ulikuwa kama jiwe la kusagia, na sijui nani aliliweka hapo zaidi yangu mwenyewe.

Koku alizikwa kabla ya mvua za masika. Nilisimama nyuma ya watu wote, kwenye migomba, na sikufungua mdomo. Mwalimu alisema maneno mazuri kuhusu mwanafunzi mwenye bidii. Fundi alivaa koti jeusi la kuazima, na baada ya siku chache akaja bandani kuchukua vifaa vyake. Aliniona. Pedi niliyokuwa nimeishika kijiti chake kilikuwa kimeanza kujisogeza, akakaa na kuitengeneza, akanipa, akaondoka. Banda liliendelea miaka miwili bila yeye, majina ukutani yakabaki yale yale, kisha mwenye nyumba akalifanya stoo ya mahindi. Sasa vijana wanabishana kwenye simu zao. Bado wanabishana juu ya Mkorea.

Mwaka jana nilifunga duka siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, nikapanda pikipiki kwenda Ndama, ambako Fundi amehamia kwenye shamba la mke wake. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba, pembeni kahawa imeanikwa kwenye mkeka. Amekonda. Mawani ni mapya. Nikamwamkia.

"Bingwa," akasema. Hakuongeza lile swali lake.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yakanipotea. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi, mtu wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto wawili. Nikasema, "Tata, baba yangu, pedi ilikuwa nzima. Koku alinifunga. Nimekuja kusimama."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alivua mawani, akayavaa tena, akanionyesha kwa kidole kigoda kilichokuwa karibu naye. Nikakaa. Halafu, kwa ile sauti yake ya bandani, sauti ya kazi, akasema, "Goli la kwanza."

Nikaeleza. Jinsi alivyonipita kulia, na zile wiki mbili za kunizoesha kushoto. Fundi aliinama mbele, mikono kwenye magoti. Alikuwa hajawahi kulisikia kwa aliyefungwa. Siku ile alikuwa akitazama pikipiki. "Wiki mbili?" akauliza. "Alijizuia wiki mbili nzima?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa pua.

"La pili."

Nikaeleza la pili, ile nafasi kati ya mabeki, jinsi nilivyokuwa na hakika hakuna mtu angeiona. Akanitaka nimwonyeshe nafasi yenyewe ilikuwa na ukubwa gani, nikamwonyesha kwa viganja. Akavitazama viganja vyangu. Mama Koku alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, hapepeti.

"La tatu," akasema Fundi.

Nikafungua mdomo, na hakukuwa na kitu. Nilitafuta. Nililiona banda, nikaliona benchi, nikauona mkono wake na kahawa kiganjani, lakini goli lenyewe sikuliona. Miaka yote ile nilikuwa nimelisukuma mbali, nimelikataa kila lilipokuja, mpaka likachoka kuja. Nikasema, "Subiri kidogo, Fundi." Akasubiri. Jua likasogea kwenye mkeka wa kahawa, kuku wakaja wakafukuzwa, na mimi bado natafuta.

"Niliwauliza waliokuwepo," akasema hatimaye, polepole. "Mmoja anasema lilikuwa la kichwa. Mwingine anasema penalti. Mwalimu anasema hakuona, watu walisimama mbele yake. Nikajua nitalipata kwako siku utakayokuja."

Nikaanza kulia. Nikamwambia silikumbuki. Nikamwambia nimelipoteza, na kwamba nisingetaka kumdanganya mara ya pili.

Mzee yule, aliyemkatalia mtoto wake ukuta kwa sababu ya neno la mwongo, akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi.

"Tunga," akasema.

"Fundi..."

"Tunga tu, mwanangu. Mimi nitalisadiki."

Nikafuta uso. Nikasema kwamba la tatu Koku alianzia nyuma kabisa, karibu na kipa wake. Nikasema aliwapita wanne, hakukimbia, alitembea nao tu, nami nikamfuata na mchezaji wangu bora na sikumfikia. Nikasema alipofika golini alisimama, akaniacha nimtoe kipa, ndipo akausukuma mpira taratibu ukaingia. Fundi alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikisogea pamoja na yangu, kama mtu anayejifunza sala. Nilipomaliza hakufumbua.

"Rudia," akasema. "Anzia kwa kipa."

Nikarudia.